Mpaka Njia Panda

Kaeni, wapendwa, kaeni. Kwaya ya akina mama, leo mmeimba mpaka mabati yamecheza. Sasa tulieni kidogo, maana nina mfano, na mfano huu una baridi. Mwenye sweta avae.

Kulikuwa na mchungaji mmoja kijana na mke wake. Msiniulize majina, nikiwataja mtaanza kutafuta ukoo wao. Kanisa lao la nyumbani, kanisa la huko kwenye migomba na mashamba ya chai (Mama Tulinagwe, usitabasamu, sijataja mahali), lilikaa, likaomba, likawatuma wawe wamisionari ng'ambo. Ndiyo, wao! Mmezoea kusikia kwamba mmisionari ni mzungu aliyekuja na ndevu na baiskeli. Safari hii gari liligeuzwa. Waliotumwa ni watu weusi kama mimi na wewe, wala ndizi kama mimi na wewe, na nchi waliyotumwa ni nchi ya theluji. Zamani watu wa nchi ile ndio waliotuletea Injili. Siku hizi makanisa yao mengi yamebaki na kengele na wazee wachache wa kuisikiliza.

Siku ya kuondoka hapakubaki mtu nyumbani. Kanisa zima liliwasindikiza kwa miguu mpaka stendi. Huyu amebeba begi, huyu amebeba kuku wa kuchemsha wa njiani, na umoja wa wanawake wamebeba sweta walizofuma wenyewe, rangi ambazo hata kipofu angeziona. Sasa mnajua mambo ya kusindikizana. Bibi mmoja, ambaye kwenye sherehe alikuwa amekula pilau lake na kupiga vigelegele kuliko wote, alimshika mkono mke wa mchungaji, wakabaki nyuma ya wengine. Walipokaribia njia panda akamwambia, "Mwanangu, mimi naogopa. Nahisi sitakuona tena." Kwenye pilau hakulisema neno hilo. Alilisema barabarani.

Shikeni hapo hapo, tutarudi.

Kabla ya safari waliwekwa semina. Jamani, semina! Alikuja mtaalamu aliyewahi kuishi kule, akawafundisha. Kule usiende kwa mtu bila ahadi. Kule usimuulize mtu umri wake, wala kwa nini hajazaa. Na mgeni wako akiaga, muage mlangoni, funga mlango. Usimfuate nje hata hatua moja, atadhani unamchunga. Wakayashika yote kichwani. Watu watiifu wale, Mungu awabariki.

Wakafika. Nyinyi mnaolalamikia baridi ya hapa mwezi wa sita, kule siku kama hiyo watu wanavua mashati na kwenda kuogelea! Mama mchungaji alivaa sweta zote za umoja wa wanawake kwa mpigo, akawa hawezi kukunja mikono. Wakapewa nyumba ghorofani, wakapewa na ukumbi mdogo wa ibada. Wenye ukumbi waliwapokea vizuri, wakawapa kahawa, wakawaambia bila kuzunguka, "Ukumbi huu ni wenu mpaka Pasaka. Pasaka ikifika hamna watu, tunaufunga, nanyi mtarudi kwenu."

Mnaona uzito wake? Warudi! Washuke kwenye basi pale pale stendi, wapite barabara ile ile waliyosindikizwa kwa nyimbo, watu wawaangalie. Mama aliliwaza jambo hilo akifua, akiosha vyombo, akichana nywele. Angewaambia nini wale wanawake waliomfumia sweta? Kwamba hakumpata hata mmoja?

Basi wakafanya kazi. Wakaalika majirani chai, mmoja mmoja, kwa ahadi, kama semina ilivyosema. Na majirani walikuja! Msidhani watu wa kule ni wabaya. Walikuja saa ile ile waliyoahidi, jambo ambalo kamati ya ujenzi ya hapa ingejifunza kwao. Wakavua viatu, wakala maandazi, wakasema ni matamu. Mchungaji anauliza, "Habari za nyumbani?" Nzuri. "Kuna lolote tuwaombee?" Hakuna, asante, tuko salama. Kikombe kikiisha mgeni anasimama, anavaa koti, anashukuru, na mlango unafungwa nyuma yake.

Baada ya wageni kadhaa mchungaji akakaa kitini, akakuna kichwa. "Mke wangu," akasema, "watu wa nchi hii hawana shida hata moja."

"Basi sisi tumekuja kufanya nini?" mkewe akamjibu.

Jumapili wanakwenda ukumbini. Mchungaji anahubiri. Mkewe ndiye usharika, ndiye kwaya, ndiye mzee wa kanisa, na wakati wa toba ndiye anayelia. Ibada ikiisha mchungaji anasimama mlangoni kupeana mikono na washarika wake, naye mkewe anapita. "Mahubiri ya leo yalikuwa marefu, mchungaji." "Usharika mzima umelalamika?" "Mzima!" Walicheka njia nzima. Wakifika nyumbani, mama aliingia chumbani akazikunja upya zile sweta, na mumewe alijua anachowaza.

Sasa, miongoni mwa wageni wao alikuwapo mzee mmoja mrefu, mwembamba, mwenye koti la kijivu. Mkewe alikuwa amefariki. Alikaa ng'ambo ya bustani ya mji, na chai ya tangawizi ya mama mchungaji ilikuwa imemkamata vibaya. Kila wiki alikuja. Kila wiki alikuwa salama.

Siku moja alikunywa chai yake, akawa salama kama kawaida, akaaga. Mama mchungaji alikuwa amekaa. Niambieni, wapendwa: miguu ya mtu wa huku kwetu, ikiona mgeni anatoka, inafanyaje? Inasimama! Haiombi ruhusa kwa kichwa. Mama alikuja kushtuka ameshashuka ngazi, ameshatoka nje, theluji inamdondokea, na miguuni ana kandambili. Kandambili kwenye theluji! Mumewe akafungua dirisha kule juu, akapiga kelele, "Mke wangu! Semina!"

Naye akamjibu kutoka chini, "Semina imeisha!"

Mzee akageuka. "Mama, nimesahau kitu?"

"Hujasahau kitu, baba. Nakusindikiza."

"Lakini njia ya kwangu naijua."

"Najua unaijua. Mimi ndiye nisiyeijua. Nionyeshe."

Wakatembea. Vidole vya mama vilishakufa ganzi, lakini angerudije? Walipofika kwenye bwawa la bustani, lile lililoganda mpaka bata wanatembea juu yake kama wako uani, mzee akaanza kusema huku macho yake yako mbele. Akasema ana mtoto mmoja wa kiume. Walikosana siku ya kumzika mama wa huyo mtoto, wakagombana juu ya maua ya kuweka kaburini, na tangu siku ile mtoto hajakanyaga kwake. Akasema, "Nikila huwa nawasha redio, ili mezani kuwe na sauti ya mtu mwingine."

Mama alisikia moyo unamuuma. "Baba, siku zote hizi unakunywa chai kwetu, tunakuuliza kama una lolote, unatuambia uko salama. Kwa nini?"

Mzee akafikiri kidogo. "Pale mnaniangalia usoni," akasema. "Mtu akikuangalia usoni unamwambia uko salama. Hapa wewe unaangalia njia."

Wakafika mlangoni kwake. Hapo ndipo mzee alipoziona zile kandambili, akashika kichwa. Akaingia ndani, akatoka na viatu vya marehemu mkewe, vile vya manyoya, akamvisha, vikamtosha. Kisha akasema, "Huwezi kurudi peke yako. Nakurudisha." Wakarudi. Walipofika chini ya ghorofa, mama naye akaona haya, mzee wa watu arudi peke yake na baridi ile?

Mnacheka! Mnajua kilichotokea, maana hata nyinyi mmefanya. Alimsindikiza tena! Wakawa wanasindikizana na kurudishana mpaka mchungaji akashuka na makoti, akidhani mkewe amepotea. Aliwakuta wamesimama katikati ya bustani wanamwombea yule mtoto. Walikuwa wanaomba macho wazi, kwa sababu ukifumba macho kwenye barafu unaanguka.

Na katika kwenda na kurudi kule, mzee alimuuliza mama swali ambalo hakuna mtu aliyemuuliza tangu afike nchi ile. "Na wewe, mama, uko salama?" Akalia. Akamwambia habari za Pasaka, na za sweta, na za ile barabara ya stendi aliyoogopa kuipita. Mmisionari akahubiriwa na mtu asiyekwenda kanisani!

Tangu siku hiyo semina ilitupwa. Mgeni akiaga, mmoja wao anavaa viatu. Wapo waliogoma mwanzoni: asante, asante, naijua njia. Wakajibiwa, twende hivyo hivyo. Na mtu aliyekuwa salama mezani, akifika kituo cha basi ana dada yake hospitalini. Aliyekuwa salama kabisa, akifika kwenye daraja hajalala vizuri tangu afukuzwe kazi. Waliombewa pale pale, kwa maneno machache, basi lisije likawaacha. Na Jumapili wakaanza kuja wenyewe ukumbini, wakiuliza kama kutakuwa na maandazi. Pasaka ikafika. Wenye ukumbi walikuja na funguo zao kuufunga, wakakosa pa kukaa!

Ibada ikiisha hakuna aliyeondoka peke yake. Siku moja gari la polisi lilisimama, askari akachungulia, maana aliona kundi la watu wanakwenda na kurudi njia ile ile. "Mmepotelewa na mbwa?" akauliza. "Hapana, afande, tunasindikizana." Askari hakuelewa, lakini aliacha gari akawafuata kidogo, na alipofika kwenye kona alikuwa ameshaanza kueleza habari za mama yake.

Na yule mzee? Alimpigia simu mwanawe. Hakumwambia njoo tukae tuzungumze. Alimwambia, "Njoo tutembee." Mtoto akaja. Walizunguka lile bwawa mpaka giza lilipoanza kuingia, na walipoingia ndani waliweka sahani mbili mezani, redio imezimwa.

Lakini mzee mwenyewe alikuwa hajabatizwa. Alikuja kila Jumapili, akakaa kiti cha nyuma, na baada ya ibada alisindikiza watu kuliko hata mchungaji. Mama akamuuliza njiani, "Baba, na wewe je?"

Akamwambia, "Neno hilo ninalo moyoni. Ila nataka nikaliseme kwenu, kwa hao watu waliowafundisha kutembea hivi. Nitakwenda. Nitapita nao ile barabara ya stendi uliyoniambia, na tukifika njia panda nitawaambia: nami nataka kuwa mmoja wenu."

Mama hakulala kwa furaha. Fikirini! Yule mtu mmoja ambaye mama aliogopa kwamba hatampata, anakwenda kulisema neno lake nyumbani, mbele ya wenye sweta!

Mzee akafunga safari. Uzee wake na magoti yake, akapanda ndege, akapanda basi, akafika. Lo, mapokezi! Ninyi wenyewe mnajua tunavyoweza. Alivishwa shuka. Alikalishwa kiti cha mbele chenye kitambaa. Kwaya zote ziliimba, hata ile ambayo huwa haifanyi mazoezi. Alikula kuku, akala ndizi, akala na vingine asivyovijua, na kila alipopumzika mtu alimjazia sahani. Risala ilisomwa, ndefu. Watu wakamsogelea mmoja mmoja, wakamtazama usoni, wakamuuliza, "Mzee, una lolote? Unahitaji chochote?" Naye akawajibu nini?

"Niko salama. Asante."

Alikuwa anasubiri njia, wapendwa. Muda wa kuaga ulipofika alisimama haraka kama kijana, akafunga vifungo vya koti. Uani gari la mwenyekiti wa kamati lilikuwa linaunguruma, limeoshwa tangu asubuhi. Mzee akasema taratibu, "Ningependa kutembea."

"Haiwezekani!" mwenyekiti akaruka. "Mgeni wetu atembee kwa miguu? Watatuonaje? Ingia, mzee, ingia, usione haya!" Akaingizwa. Mlango wa gari ukafungwa. Tukampungia, tukapiga vigelegele, karibu tena, karibu sana! Gari halijafika hata kwenye kona, kila mtu alishakaa nyuma ya bodaboda yake anakwenda kwake. Mzee aliiona ile barabara kupitia kioo. Aliiona na njia panda. Zilipita haraka sana.

Akarudi kwao. Mama mchungaji alikuwa anamsubiri kwa hamu, hakuweza hata kumsalimia vizuri. "Baba! Uliwaambia?"

Mzee akatikisa kichwa. "Watu wema sana wale, mama. Maisha yangu yote sijalishwa vile. Lakini hawakunisindikiza. Walinisafirisha."

Mama hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Hakumkaribisha ndani. Alirudi akachukua vile viatu vya manyoya, akavaa, akafunga mlango. "Twende, baba," akamwambia. Wakaenda, macho mbele, na walipofika kwenye bwawa la bata mzee akalitoa neno lake. Jumapili iliyofuata alibatizwa, na mwanawe ndiye aliyemshikia taulo. Neno lililosafiri kuja kwetu likasemwa kwenye theluji, kwa sababu huku lilikosa mtu wa kutembea nalo.

Dakika chache zilizopita mlikuwa mnacheka. Ni mfano tu, wapendwa, mbona mnatazama chini? Mzee Kasyupa, wewe ni mwenyekiti wa kamati, lakini sijasema ni wewe. Gari lako wala halijaoshwa.

Lakini tuambiane ukweli. Sisi tumejifunza kupokea watu. Tunapokea vizuri mno! Mgeni akija hapa anasimamishwa, anapigiwa makofi, anaandaliwa chai. Tunamuuliza mbele ya watu wote, "Una lolote?" Na mtu mwenye akili zake, mbele ya watu wote, atasema nini? Yupo salama. Kisha tunampungia mkono, naye anaondoka na neno lake lile lile alilokuja nalo. Jumapili ngapi? Ni nani amekaa hapa leo, kwenye benchi hili hili, kala maandazi yetu, kaimba nyimbo zetu, na neno bado liko kifuani? Anayekaa kushoto kwako, unajua anakula na redio?

Na Mungu wetu, je, yeye alituagia mlangoni? Alikaa kwake juu, akatupungia mkono, akatuambia karibuni tena? Alitoka, wapendwa! Alivaa miguu kama yetu, akashika njia zetu za vumbi na matope, akatembea na watu mpaka wakamwambia mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mtu. Kama aliona njia haimshushii heshima, sisi heshima yetu ni ya namna gani mpaka ihitaji injini?

Kwa hiyo leo nimefanya jambo moja, na mnisamehe sikuiuliza kamati. Hao vijana wa bodaboda mnaowasikia nje nimeshaongea nao. Wamekubali kusubiri kule njia panda. Kuanzia mlangoni hapa mpaka pale, hapandi mtu, isipokuwa mgonjwa na mwenye mtoto mgongoni. Kila mmoja atoke na mtu ambaye si wa nyumbani kwake. Usimuulize ana shida gani. Usimtazame usoni. Zungumzeni hata habari za mbolea, angalieni njia, mpe nafasi. Na mkifika njia panda kabla neno halijaisha, mrudishe. Akitaka kukurudisha nawe, kubali. Chakula cha mchana kitapoa, na kikipoa tutakipasha.

Jambo la mwisho, halafu tusimame kwa baraka. Kila Jumapili mimi mchungaji wenu mnanipa kuku, mnanipa ndizi, mnanipakia kwenye gari, mnanipungia. Kila mmoja wenu akiniuliza habari, namwambia niko salama. Ndaga, wapendwa, asanteni sana. Leo gari liende na kuku peke yake. Mimi natembea, na nina neno.

Nani ananisindikiza?